Pasipoti ya Bibi, Lugha ya Jirani

Mwezi Mei 2011 Barack Obama alipanda jukwaani katikati ya Dublin, akajitambulisha kuwa ni wa akina Obama wa Moneygall, na kwamba amerudi nyumbani kuitafuta ritifaa iliyodondoka njiani kutoka kwenye jina lake. Umati ukacheka. Majina kama O'Brien na O'Sullivan yana alama hiyo, na kwa siku moja rais wa Marekani akawa O'Bama. Saa chache kabla alikuwa Moneygall kwenyewe, kijiji cha watu mia tatu hivi katika kaunti ya Offaly, ameshika glasi ya bia nyeusi. Huko ndiko alikotoka Falmouth Kearney, mtoto wa fundi viatu, aliyehamia Marekani mwaka 1850. Obama ni kilembwekeza wake. Aliyeiibua habari hiyo, miaka minne kabla ya ziara, ni kasisi wa Kianglikana aliyefukua madaftari ya kanisa lake.

Mwaka 2014, kando ya barabara kuu ya kutoka Dublin kwenda Limerick, kilifunguliwa kituo cha mafuta chenye migahawa kinachoitwa Barack Obama Plaza. Kogelo wana kaburi la baba yake mzazi, Moneygall wana kituo cha mafuta. Sisemi nani kanufaika zaidi.

Ziara hiyo ilikuwa na kila kiungo cha urithi wa Kiairishi kama unavyoishiwa Marekani: daftari la kanisa, jina la ukoo, bia, na biashara ya kando. Hotuba ilitiwa hata maneno mawili matatu ya Kiairishi, "Is féidir linn", ile kaulimbiu yake ya kampeni ya kwamba tunaweza, na yalishangiliwa kama goli la dakika ya tisini. Wengi wa walioshangilia wangepata tabu kuyaendeleza mazungumzo kwa lugha hiyo, ingawa walifundishwa shuleni miaka yao yote.

Hoja yangu ni kwamba urithi wa Waairishi wa ughaibuni umejengwa juu ya damu na karatasi, na kwa msingi huo umefaulu ajabu katika muziki, siasa, sherehe na majina. Lugha ndiyo iliyobaki nje. Na haikubaki nje kwa uzembe wa wajukuu wa Boston, kama wanavyosimangwa. Ilianza kuachwa na wazazi waliokuwa bado Ireland, waliowalea watoto huku wakijua kwamba watapanda meli.

Tuanze na karatasi. Ukiwa na bibi au babu mmoja aliyezaliwa katika kisiwa cha Ireland, sheria inakuruhusu ujiandikishe katika daftari la waliozaliwa nje na kuwa raia kamili, hata kama hujawahi kukanyaga Dublin. Kitukuu naye anaweza, mradi mzazi wake alijiandikisha kabla yeye hajazaliwa. Mnyororo huo ukikatika, mlango unafungwa. Kilembwekeza kama Obama anabaki na bia yake. Waingereza walipopiga kura mwaka 2016 kujitoa Umoja wa Ulaya, maelfu kwa maelfu wenye bibi wa Cork au babu wa Mayo walikumbuka ghafla asili yao. Mwaka 2022 Ireland ilitoa pasipoti zaidi ya milioni moja kwa jumla, idadi ambayo haikuwahi kufikiwa kabla. Hakuna ofisa anayemuuliza mjukuu kama anaijua lugha ambayo ibara ya 8 ya katiba inaitaja kuwa ndiyo lugha rasmi ya kwanza. Angeuliza, foleni ingeisha siku hiyohiyo.

Kwa Watanzania, ambao mjadala wao wa uraia pacha umezunguka kwa miaka hadi ukafikia wazo la hadhi maalumu, Ireland huonekana kama pepo ya diaspora. Si kweli kabisa. Mwaka 2022 Mkenya anayeishi London aliweza kumpigia kura rais wa Kenya akiwa hukohuko London. Mwairishi anayeishi London, aliyezaliwa Galway na kuhama mwaka juzi, hawezi kumpigia kura rais wa Ireland. Kura ya maoni ya kubadili hilo imezungumzwa kwa miaka na kuahirishwa. Wachache waliohitimu vyuo vikuu fulani huchagua maseneta, basi. Dola ya Ireland inampenda sana mtu wake wa ng'ambo, ila kwa umbali wa kutosha.

Mapenzi hayo nayo yana tarehe. Mary Robinson alipokuwa rais mwaka 1990 aliwasha taa katika dirisha la ikulu kwa ajili ya waliohama, na mwaka 1995 akalihutubia bunge kuhusu diaspora. Wabunge walimsikiliza bila bashasha. Baada ya mkataba wa amani wa Belfast wa mwaka 1998, ibara ya 2 ya katiba iliandikwa upya na kutaja uhusiano wa pekee kati ya taifa na watu wa asili ya Ireland wanaoishi nje. Mwaka 2011 serikali ikaanza kuuza cheti cha urithi kwa wale ambao bibi yao yuko mbali mno kuwapa pasipoti. Wanunuzi wakawa wachache, na mwaka 2015 mpango ukafutwa. Kumbe hata karatasi zina kikomo chake.

Sasa lugha. Sensa ya mwaka 1841 iliwahesabu watu milioni 8.2 katika kisiwa kizima. Mwaka 1845 ugonjwa wa ukungu ukaingia kwenye viazi, chakula ambacho theluthi au zaidi ya watu walikitegemea karibu peke yake, na hadi mwaka 1852 watu wapatao milioni moja walikuwa wamekufa na wengine zaidi ya milioni moja wamehama. Mpaka leo kisiwa hicho, kikiwa na watu milioni 7 na kidogo, hakijaifikia idadi ya mwaka 1841. Sijui nchi nyingine ya Ulaya yenye historia ya namna hiyo. Njaa haikupiga kila mahali sawasawa. Ilipiga magharibi na kusini-magharibi, kwa vibarua na wakulima wa vishamba, na hao ndio waliokuwa wakisema Kiairishi. Sensa ya mwaka 1851, ya kwanza kuuliza habari za lugha, iliwapata wasemaji wapatao milioni 1.5, chini ya robo ya waliobaki hai. Wanahistoria hukadiria kwamba kati ya robo na theluthi ya waliokimbia njaa walikuwa wasemaji pia. Kwa hiyo Kiairishi kilifika New York, Boston na Liverpool kwa mamia ya maelfu ya vinywa. Ndani ya vizazi viwili kikawa hakisikiki.

Simulizi linalopendwa ni kwamba Mwingereza alikiua. Mkono wake upo, tena mzito. Shule za taifa zilizoanzishwa mwaka 1831 zilifundisha kwa Kiingereza hata pale ambapo mtoto hakujua neno la Kiingereza, na ilikuwa mpaka mwaka 1904 ndipo mpango wa kufundisha kwa lugha mbili ukaruhusiwa. Mtoto alifungwa kijiti shingoni. Kila alipoteleza akasema Kiairishi kilichongwa alama, na mwisho wa siku alama zikahesabiwa kwa fimbo. Msomaji wa Kenya hahitaji maelezo zaidi, maana huko pia watoto walivishwa kibao au mfupa kwa kosa la kuongea lugha ya mama, na wapo walio hai wanaokumbuka uzito wake shingoni.

Lakini kijiti kile cha Ireland mara nyingi alikifunga mzazi. Alama aliichonga mzazi, nyumbani, kwa niaba ya mwalimu. Na Daniel O'Connell, mwanasiasa mkubwa kuliko wote wa Wakatoliki wa wakati ule, mzawa wa Kerry aliyekua akisema Kiairishi, alitamka wazi kwamba angeweza kutazama lugha hiyo ikiachwa pole pole bila kushusha pumzi ya huzuni, kwa kuwa Kiingereza kina faida zaidi. Hakuwa msaliti. Alikuwa akisema waliyoyafikiri wazazi wengi. Baada ya njaa, kila nyumba ya magharibi ilijua kwamba katika watoto sita, mmoja atarithi shamba, mmoja huenda akaolewa jirani, na waliobaki watakwenda Amerika. Mtoto aliandaliwa kwa safari hiyo tangu akiwa na miaka mitano. Usiku wa kuamkia safari majirani walikesha naye kama wanavyokesha na maiti, wakaimba, wakacheza, na asubuhi wakamsindikiza. Kisha ikaja barua yenye dola ndani, na dola ile ikamlipia nauli mdogo wake. Nani angemsomesha mdogo mtu lugha ambayo haitampatia kazi kwenye bandari ya Boston?

Kwa hiyo diaspora ilikuwa sehemu ya sababu ya kifo cha lugha kabla haijawa mfiwa wake. Jambo hili halisemwi Machi 17, sikukuu ya Mtakatifu Patrick, na sioni kwa nini lisisemwe. Haliwaondolei Waingereza lawama yao hata chembe, ila linaeleza kwa nini uhuru wa mwaka 1922 haukuirudisha lugha. Dola ikawa ya Waairishi, shule zikawa za Waairishi, Kiairishi kikawa cha lazima darasani, na watoto wa magharibi wakaendelea kupanda meli.

Hapo hapo nina neno la kuwatetea waliohama, kwa sababu dhihaka inayowapata kutoka Dublin imezidi. Wanachekwa kwa kofia za kijani na mto wa Chicago unaotiwa rangi. Kuna kebehi moja inayowaita watu wa plastiki. Ukweli ni kwamba sehemu kubwa ya kinachoitwa utamaduni wa asili wa Ireland ilitunzwa, au ilitengenezwa upya, ng'ambo. Maandamano ya Mtakatifu Patrick yalikuwa yakifanyika New York mwaka 1762. Serikali ya Dublin ilianza kuandaa yake mwaka 1931. Huko nyumbani siku hiyo ilikuwa ya misa, na kwa miaka mingi baa zilifungwa kwa sheria.

Muziki una kisa kizuri zaidi. Francis O'Neill, mzaliwa wa kaunti ya Cork, alikuwa mkuu wa polisi wa Chicago kuanzia mwaka 1901 hadi 1905. Alipenda kuwaajiri polisi wanaojua filimbi na zumari za Kiairishi, na kutoka vidoleni mwao na kwa wahamiaji wengine akakusanya tuni 1,850, zikachapishwa mwaka 1903. Katika mji mmoja wa Marekani alikuwa na wapigaji wa kaunti zote 32, jambo ambalo asingelipata katika kijiji chochote cha Ireland. Halafu akaja Michael Coleman, mpiga fidla wa Sligo aliyehamia New York mwaka 1914 na kurekodi santuri miaka ya 1920. Santuri zikatumwa nyumbani kwenye vifurushi vya zawadi, na vijana wa Kerry na Clare wakaanza kupiga kwa mtindo wa Sligo uliopitia studio ya New York. Wataalamu wengine wanalalamika kwamba mitindo ya kaunti nyingine ilimezwa. Huenda. Lakini anayekwenda leo baa ya kijijini huko akidhani anasikia sauti ya kale isiyoguswa na Marekani, anajidanganya.

Hata lugha yenyewe ilipata watetezi wake wa mapema huko. Boston walikuwa na chama cha kujifunza Kiairishi mwaka 1873, Brooklyn mwaka uliofuata, na mwaka 1881 mwalimu mmoja mzawa wa Galway, Micheál Ó Lócháin, akaanzisha Brooklyn jarida la An Gaodhal, nusu Kiairishi nusu Kiingereza. Conradh na Gaeilge, chama kilichoianzisha harakati kubwa ya lugha nchini Ireland, kilizaliwa miaka 12 baadaye, mwaka 1893. Mwanzilishi wake Douglas Hyde, mtoto wa mchungaji wa Kiprotestanti, alikwenda Marekani mwaka 1905 kuchangisha fedha, akarudi nazo nyingi, na mwaka 1938 akawa rais wa kwanza wa Ireland. Fedha za vibarua na watumishi wa ndani wa New York zililipa walimu wa Kiairishi wa vijijini. Hao wa plastiki walikuwa na mchango.

Tatizo ni kwamba jarida halizai wasemaji. Ó Lócháin aliwafundisha watu wazima kusoma lugha ambayo wengine wao walikuwa wakiisema tangu utotoni bila kuiandika. Akatoka darasani, wanafunzi wakarudi nyumbani kwa watoto waliojibu kwa Kiingereza. Tunalijua hili kutoka karibu zaidi. Wazanzibari waliohamia Muscat baada ya Mapinduzi ya 1964, na wengine waliorudi Sultani Qaboos alipoita wenye asili ya Oman baada ya 1970, walikishikilia Kiswahili kwa miaka mingi maana walikuwa wengi, walioana, wakatembeleana. Wajukuu wengi wanakielewa na wanajibu Kiarabu. Hakuna aliyewapiga kwa hilo. Lugha hukaa pale inapotumika kukopea chumvi, na ikishabaki ya kumsalimia bibi tu, inamsubiri bibi afe.

Argentina inanifurahisha kwa jinsi inavyovuruga kila kanuni. Wahamiaji wengi wa huko walitoka kaunti za Westmeath, Longford na Wexford, wakaenda kufuga kondoo katika mbuga za Buenos Aires. Padri wao, Anthony Fahy wa Galway, aliwaoanisha wao kwa wao, akawajengea shule na hospitali, akafa mwaka 1871 wakati wa homa ya manjano. Walipotaka kutunza Uairishi wao katikati ya bahari ya Kihispania, walishika lugha gani? Kiingereza. Gazeti lao la The Southern Cross, lililoanzishwa mwaka 1875, liliandikwa kwa Kiingereza kwa miongo mingi, na majirani waliwaita Waingereza. Lugha ya aliyewatawala ikawa ndiyo ngao ya utaifa wao. Sioni aibu hapo, naona watu wakitumia walichonacho.

Kisha kuna upande ambao Waairishi wa ughaibuni wenyewe huupitia mbio. Mwaka 1842 ilipelekwa Marekani barua ya wazi yenye sahihi 60,000 kutoka Ireland, ya O'Connell ikiwa mojawapo, ikiwasihi ndugu zao walioko huko wasimame pamoja na wanaopinga utumwa. John Hughes, askofu wa New York, alitilia shaka kama ni barua ya kweli, na wengi wakaipuuza. Frederick Douglass, aliyetoroka utumwa, alitembelea Ireland mwaka 1845, mwaka uleule wa ukungu wa viazi, akapokewa na kusikilizwa kama mtu na watu. Miaka 18 baadaye, Julai 1863, ghasia zilizuka New York kupinga sheria ya kuandikishwa jeshini, iliyomruhusu mwenye dola 300 kujinunua. Umati, wengi wao vibarua wa Kiairishi, ulichoma kituo cha yatima weusi cha Fifth Avenue, ukawaua watu weusi barabarani na kuwatundika kwenye nguzo za taa. Zaidi ya watu 100 walikufa katika siku hizo nne. Watoto wa kituo, zaidi ya 200, waliokolewa kwa kupitishwa mlango wa nyuma, na kati ya polisi waliopambana na umati ule Waairishi walikuwamo pia.

Hao walikuwa watoto wa njaa, wengine walishuka melini miaka 15 tu kabla ya hapo. Walijua kudharauliwa, walijua matangazo ya kazi yanayowakataa. Walichojifunza haraka ni kwamba katika nchi mpya kuna ngazi, na kwamba wao hawako chini kabisa mradi yupo mtu mweusi. Ninapoona mitandaoni ile hadithi ya watumwa wa Kiairishi, inayodai kwamba Waairishi nao walikuwa watumwa Karibiani sawa na Waafrika na hawalalamiki, naikumbuka Julai ile. Vibarua wa mkataba wa Kiairishi waliteswa kweli huko Barbados na visiwa vya jirani, na wengine walipelekwa kwa nguvu. Lakini mkataba una mwisho, na mtoto wa kibarua alizaliwa huru. Wanahistoria wa Ireland wenyewe wametumia miaka kuikanusha hadithi hiyo, wala haiishi, kwa sababu inawapa watu fulani wanachokitaka.

Montserrat ndiyo inayoiweka wazi zaidi. Kisiwa hicho cha Karibiani kilikaliwa na Wakatoliki wa Kiairishi tangu miaka ya 1630, na kufikia mwaka 1678 ndio walikuwa wengi wa wazungu wa hapo. Baadhi walikuja wakiwa vibarua, na baadaye wenye uwezo wakawa wamiliki wa mashamba na wa watu. Machi 17, 1768, watumwa walipanga kuasi wakijua mabwana watakuwa wamelewa kwa ajili ya Mtakatifu Patrick. Siri ikavuja, viongozi wakanyongwa. Leo Montserrat siku hiyo ni sikukuu ya kitaifa, na wanaowakumbuka hasa ni wale walionyongwa. Wenyeji weusi wanaitwa Riley, Farrell, Sweeney, Ryan. Watalii wa Kiairishi wamekuwa wakiandika kwamba lafudhi ya kisiwa ina mwangwi wa Ireland. Mwanaisimu John Wells aliichunguza akakuta ni lafudhi ya kawaida ya Karibiani. Masikio yalisikia kilichotamaniwa.

Mwacha mila ni mtumwa, tunapenda kusema. Akina Riley wa Montserrat hawakuacha mila yoyote. Walinyang'anywa, wakabandikwa jina la aliyewanyang'anya, na bado wakaigeuza sikukuu yake kuwa yao. Kama tunatafuta watu walioufanya urithi wa Kiairishi kuwa kitu kizito, mimi ningeanzia hapo. Pasipoti ya bibi haiwahusu, maana hakuna daftari la kanisa litakalowaandika.

Afrika Mashariki nayo ina sehemu yake, na ina kejeli yake. Teresa Kearney, mzaliwa wa Wicklow, alifika Uganda mwaka 1903 akiwa Sista Kevin. Zahanati yake ya Nsambya ikakua kuwa hospitali, na Waganda wanamwita Mama Kevina mpaka leo. Masista wa Loreto walifika Kenya mwaka 1921, wakajenga Msongari na Limuru, ambako Wangari Maathai alisoma. Kazi yao siibezi hata kidogo. Ila fikiria: wanawake waliotoka katika nchi ambayo babu zao walifungwa vijiti shingoni, wanavuka bahari kuja kuwafundisha mabinti wa Kikuyu na Kiluo kwa Kiingereza, na wanakifundisha vizuri mno, kwa kuwa ndicho walichonacho. Milki ya Uingereza ilikuwa na bahati ya kupata walimu waliojua kwa uzoefu wa nyumbani kwao jinsi lugha inavyobadilishwa.

Turudi kwenye hesabu. Sensa ya Marekani ya mwaka 2020 iliwapata watu milioni 38.6 waliojiandika kuwa na asili ya Ireland. Wanaosema Kiairishi nyumbani huko ni kama 20,000. Nchini Ireland kwenyewe, sensa ya mwaka 2022 inasema watu milioni 1.87 wanakijua, na wasiofika 72,000 ndio wanaokitumia kila siku nje ya shule. Katika Gaeltacht, zile wilaya, nyingi za pwani ya magharibi, zinazotambuliwa kisheria kuwa za wasemaji, wanaokitumia kila siku ni kama 20,000.

Kuna dalili nyingine, na wengine wanazipigia makofi kupita kiasi. Programu ya simu ya Duolingo iliongeza Kiairishi mwaka 2014 na kuvuta wanafunzi zaidi ya milioni moja duniani. Chuo Kikuu cha Notre Dame kina idara kamili ya lugha hiyo. Huko Ontario, Kanada, wapenzi wa lugha walinunua kipande cha ardhi, wakakifungua mwaka 2007 kwa jina la Gaeltacht, wanakutana hapo kiangazi kusema Kiairishi kwa siku kadhaa. Nawaheshimu, maana wamegundua kwamba lugha inahitaji mahali. Ila kambi ya wiki moja ina wapenzi, haina majirani. Mfano ninaouamini ni wa Belfast: mwaka 1969 familia chache zilizojifunza Kiairishi ukubwani zilijenga nyumba zao pamoja karibu na Shaws Road, ili watoto wacheze nje kwa lugha hiyo. Hawakuwa na msaada wa serikali, na shule waliyoianzisha miaka miwili baadaye mwanzoni haikutambuliwa. Leo magharibi mwa Belfast kuna vijana wanaofanya rap kwa Kiairishi, na wanatukana kwa Kiairishi, dalili njema kuliko shairi lolote.

Hapa nafika penye ugomvi wangu hasa. Juni 2004 Ireland ilipiga kura ya maoni, na asilimia 79 wakakubali kuondoa haki ya kila mtoto anayezaliwa nchini humo kuwa raia moja kwa moja. Tangu mwaka 2005, mtoto wa wazazi wageni anayezaliwa Dublin anakuwa raia kwa kuzaliwa iwapo tu mzazi wake ametimiza masharti ya ukaazi. Mtoto huyo atasoma Kiairishi tangu chekechea. Huenda akapelekwa shule inayofundisha kwa Kiairishi kitupu, ambako watoto wa Kinigeria, Kipolandi na Kibrazili wamo madarasani. Ola Majekodunmi, mtangazaji wa Kiairishi mwenye wazazi Wanigeria, amelelewa Dublin na ni sauti inayojulikana ya lugha hiyo. Kwa sheria ya damu, mjukuu wa Florida asiyejua hata salamu ana mlango mpana kuliko mtoto aliyezaliwa Dublin na wazazi wasio na karatasi. Sisi tunaosema lugha ambayo bibi zetu wengi hawakuisema, Wasukuma na Waluhya na Waluba tuliokichukua Kiswahili kwa sababu mtaa ulikisema, tunaweza kuliona kosa hili haraka kuliko wao.

Na kosa lina gharama inayoonekana. Vijana wasemaji wa Connemara na Corca Dhuibhne, wilaya mbili za Gaeltacht, wanalalamika leo kwamba hawapati nyumba katika vijiji walivyozaliwa. Vibali vya kujenga ni vigumu, na nyumba zilizopo zinageuzwa za likizo au za kukodisha kwa usiku, maana bahari ile na vilima vile ndivyo picha ya Ireland ambayo watu wa mbali wanaikumbuka bila kuwahi kuishi ndani yake. Mgeni wa Chicago anafika, anafurahia vibao vya barabarani vya Kiairishi, analipa vizuri, anaondoka. Msemaji wa miaka 25 amehamia Galway mjini, ambako mwenye nyumba, mwajiri na mchumba wote ni wa Kiingereza. Tangu mwaka 2004 serikali ina mfuko wa kusaidia vyama vya Waairishi walioko ng'ambo, na vyama hivyo vina matajiri wao wanaochangia makumbusho, sanamu za njaa na karamu za Machi. Wakitaka kujua kama wanaipenda lugha au picha yake, wahesabu ni nyumba ngapi za kuishi mwaka mzima fedha zao zimejenga magharibi ya Galway.